Vifuniko Viwili vya Ijumaa

Kila Ijumaa alasiri, mikono ya Abner Onchiri ilikuwa na haraka kumzidi mwenyewe. Siku nyingine alikuwa mtu wa polepole, mtu wa kujibu salamu huku akitazama vidole vya miguu yake. Lakini Ijumaa, jua likishaanza kuteremkia upande wa ziwa, mikono ile ilianza kukimbizana: kufagia, kubadilisha maranda, kuosha vichupa vya maji, kuchota chakula. Alikuwa na panya weupe ishirini na wanne wa kutunza, kila mmoja katika kisanduku chake cha waya, kumi na wawili rafu ya kushoto na kumi na wawili rafu ya kulia. Wote ilibidi wawe wamehudumiwa kabla Sabato haijaingia.

Chakula chao kilikuwa mahindi na omena, dagaa wa ziwani, vilivyosagwa pamoja, na kipimo chake kilikuwa kifuniko cha soda. Kifuniko kimoja kwa panya mmoja kwa siku moja, saa kumi alasiri. Ndivyo alivyoagizwa. Lakini Ijumaa Abner alitia vifuniko viwili, kimoja cha siku hiyo na kimoja cha kesho yake, kwa sababu kesho yake asingekuja. Aliona jambo hilo halina maswali. Wana wa Israeli waliokota mana maradufu siku ya sita. Mkewe Tryphosa alipika chakula cha siku mbili siku ya Maandalio. Panya nao wangekosaje?

Tofauti ni kwamba wana wa Israeli waliambiwa waweke akiba, na panya hawakuambiwa. Jumamosi kulipokucha vifuniko vyote viwili vilikuwa vimekwisha liwa. Hilo Abner hakulijua, maana hakuwepo. Na hakumweleza mtu mpango wake, maana hakuna aliyemuuliza.

Si kwamba alitaka kudanganya. Aliogopa tu kulitaja neno Jumamosi mbele ya mwajiri, kama mtu aliyeng'atwa na nyoka anavyoogopa ung'ong'o. Mwaka 1961, huko Kericho kwenye mashamba ya chai, msimamizi alimwambia, "Wewe wa Jumamosi, chukua blanketi lako uende." Mwaka 1966 alikuwa akipima sukari na chumvi katika duka moja mjini Kisii, mwenye duka akamwambia siku ya soko ndiyo siku ya duka, na siku ya soko ni Jumamosi. Mwaka 1971 alikuwa akigeuza kahawa kwenye vitanda vya kukaushia, na kahawa nayo ikakataa kupumzika Jumamosi. Kazi tatu, zote zimeondoka kwa mlango huo mmoja. Mara ya tatu Tryphosa alichukua jembe akaenda shambani, na Abner alikaa uani akilisikia jembe lile likiipiga ardhi mpaka jioni.

Hii ya panya ilikuwa ya nne, na aliyempa alikuwa Walter Nyangau.

Walter alirudi kijijini Sironga mwaka 1975, baada ya miaka tisa ya masomo Ulaya. Baba yake, marehemu Nyangau, alitahiriwa msimu mmoja pamoja na Abner, wakaugulia kibanda kimoja, wakaota moto mmoja. Kwa Wagusii hilo si jambo dogo. Mtoto wa mtu wa namna hiyo ni mtoto wako. Humtanii, naye hakutanii. Haya zako humwonyeshi, za kwake huzitazami. Na akishaoa, nyumba yake huingii, hata kama mvua inanyesha mawe.

Ndiyo maana watu walicheka Walter alipolichukua lile jengo kuukuu la kukaushia pareto, lililosimama karibu na nyumba yake, akalitia rafu na panya, kisha akamwajiri Abner. "Baba anafagia mavi ya panya wa mwanawe!" walisema kwenye njia ya mtoni. Abner alisikia, akainamisha kichwa, akaendelea kufagia. Siku ya kwanza kabisa Walter alimuuliza, "Tata, na Jumamosi itakuwaje?" Alimwita Tata, yaani baba, bila kuona aibu mbele ya mtu yeyote. Abner akajibu, "Nitapanga." Walter akasema, "Vyema," akadhani Abner amepata mtu wa kumshikia zamu. Mambo yakaishia hapo.

Kazi yenyewe Walter alimweleza kwa subira. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi. Inatoa maji yanayosafiri katika damu, yanaitwa homoni. Walimu wake wa Ulaya walikuwa wameikata homoni moja, wakachukua kipande chake kidogo, wakatengeneza dawa.

"Haileti nguvu, Tata, wala usingizi. Tunadhani inaifanya akili ikae mahali pamoja. Mtu akitazama kitu, akitazame mpaka mwisho."

"Na panya wanatazama nini?"

"Taa."

Lilikuwepo sanduku lenye vijilango viwili, na juu ya kila kijilango balbu ndogo ya tochi. Balbu moja iliwaka, na nyuma ya kijilango chake palikuwa na chembe ya karanga. Balbu ilihamahama. Panya aliyetega akili yake kwenye taa alikwenda moja kwa moja kwenye karanga. Aliyebahatisha alipata mara tano katika kumi. Jumatano asubuhi Walter aliwadunga panya wote sindano ya maji matupu, akawapima. Jumapili, akitoka misa ya kwanza, aliwadunga ya dawa, akawapima tena. Panya walikuwa wachache, kwa hiyo kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake: wa Jumatano na wa Jumapili. Jumamosi Walter mwenyewe hakuwepo. Alikwenda Kisii kuleta barafu ya kuhifadhia dawa, akapitia Ekerenyo kumwona mama yake, akarudi jioni.

Jumatano panya walipata sita. Jumapili walipata tisa. Wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi: sita, tisa, sita, tisa.

"Unaona wanavyoikazia macho, Tata?" Walter alisema kila Jumapili, akiandika upesi.

Abner aliona. Aliona pia waya zimetafunwa, na jinsi panya walivyomrukia kidole. Akadhani na hilo ni kazi ya dawa.

Mambo yaligeuka kwa ajili ya mahubiri. Sabato moja ya mwezi wa tatu, 1976, mzee wa kanisa Manasseh, ambaye alikuwa jirani ya Abner na mtu wa maneno mengi, alifundisha habari za kondoo aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Alipaza sauti, akapiga meza: nani hapa atamwacha huko mpaka jua lizame? Abner, aliyeketi karibu na mlango kama kawaida yake, alihisi swali lile limemjia yeye. Alipokuwa akirudi nyumbani alipita nyuma ya jengo la panya. Akasikia sauti asiyoijua, kama watu wengi wadogo wanaokwangua masufuria. Akafungua mlango. Panya ishirini na wanne walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, meno kwenye waya.

"Kondoo ishirini na wanne," Abner alisema peke yake. Akawapa kifuniko kimoja kimoja, akaondoka haraka, kanzu yake ya moyo ikiwa na doa ambalo hakujua kama ni la dhambi au la huruma.

Jumapili panya walipata sita.

Walter alirudia kupima. Sita. Aliinua chupa moja ya dawa kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa, akainusa. Akapapasa maji ya barafu ndani ya boksi. "Imeharibika," alisema. "Jana barafu ilikaa juani njiani. Imeharibika yote." Kabla Abner hajafungua mdomo, alikuwa amevunja shingo za chupa tisa, moja baada ya nyingine, na kumwaga dawa kwenye karai. Ilikuwa dawa ya wiki sita, iliyotoka ng'ambo ya bahari. Kisha akaketi kwenye kibao, uso ndani ya viganja.

Abner alisimama na panya mmoja mkononi. Panya yule alikuwa mzito, mtulivu, tumbo limejaa, sawasawa na walivyokuwa siku za Jumatano. Hapo ndipo fikira iliyokuwa haina jina ilipompitia kichwani, nayo haikutoka tena.

Kuanzia siku hiyo Abner hakutulia. Akichuma chai, mkono ulichuma majani makuukuu na kuacha machanga.

"Ise Bochaberi," Tryphosa alimwita kwa jina la binti yao, kama walivyozoea, akichungulia kikapuni, "hii ni chai ya kiwanda au unaniokotea majani ya mbuzi?"

"Macho yangu yana vumbi."

"Vumbi wakati wa mvua! Sema unaumwa nini."

"Kama mtu amemtilia mwenzake chumvi kwenye chungu bila kujua," Abner alisema, "na mwenzake anasifiwa kijiji kizima kwa mchuzi mtamu..."

"Amwambie."

"Na akimwambia, afukuzwe jikoni?"

Tryphosa aliacha kuchuma. "Ni Jumamosi tena?" aliuliza polepole. Abner akainamia kikapu, na Tryphosa akarudi kwenye chai yake, akichuma kwa nguvu kuliko inavyostahili.

Dawa mpya ilifika baada ya mwezi. Jumamosi ya kwanza Abner hakwenda kulisha. Jumapili panya walipata tisa, na Walter aliruka hewani kama ndama. Nusura amkumbatie Abner, kisha akakumbuka ni baba yake, akarudisha mikono nyuma.

Basi Abner akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akatenda kosa kwa makusudi, ili ajue. Jumamosi iliyofuata, baada ya ibada, aliingia katika jengo lile akawalisha panya wa rafu ya kushoto peke yao. Wale wa rafu ya kulia wakamtazama. "Nisameheni," aliwaambia. Hakujua anawaomba panya au anamwomba Mungu.

Jumapili alimpelekea Walter panya mmoja mmoja, na Walter akawa anazisema alama huku akiziandika, kama desturi yake. Abner alikuwa na punje za mahindi mifukoni. Wa kushoto akipata chini ya nane, punje moja mfuko wa kushoto. Wa kulia akipata nane au zaidi, punje moja mfuko wa kulia. Walipomaliza alikwenda nyuma ya jengo, akazimwaga kwenye kiganja. Kushoto kumi na moja. Kulia kumi na mbili.

"Leo wamechanganyika," Walter alisema ndani, akikuna kidevu. "Baadhi wamelala. Labda mkono wangu haukudunga vizuri. Lakini ukiwajumlisha bado wanapita Jumatano." Akawajumlisha, akageuza ukurasa.

Siku ile Abner angesema. Ulimi wake ulikuwa umekwisha inuka. Lakini Walter alitangulia.

"Tata, nina habari. Walimu wangu wawili wanakuja. Jumatatu, wiki mbili zijazo. Wakiridhika na hesabu hizi, nitaomba ruhusa ya kumdunga mtu wa kwanza." Alitazama nje ya dirisha. "Mokeira."

Mokeira alikuwa dada yake Walter, msichana wa miaka ishirini, aliyeishi naye. Utotoni malaria ilimpanda kichwani, na tangu hapo akili yake haikuweza kushika kitu kimoja. Alibandika maziwa akaenda kuchota maji. Njiani akaacha mtungi akafuata kipepeo. Kitu alichokimudu bila kusahau ni kuku tu. Kuku wa nyumba ile aliwajua mmoja mmoja kwa majina aliyowapa, na jioni, jua likizama, hakutulia mpaka wa mwisho apande kulala.

"Ndiyo sababu niliisomea kazi hii," Walter alisema. "Si kwa ajili ya panya."

Abner alitoka bila kuaga. Ilikuwa rahisi kumwacha msomi asifiwe kwa chumvi isiyo yake. Lakini msichana adungwe sindano wiki hadi wiki, huku ndugu yake akitumaini kitu ambacho huenda kilikuwa njaa tu? Upande mwingine alimwona Tryphosa na jembe lake. Alikwenda, akarudi. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Alifika mlangoni pa jengo akiwa na maneno, akayakuta yamemtoka kama maji ya mkononi. Ijumaa moja akatia vifuniko viwili. Ijumaa ya pili, wageni wakiwa wamebakiza siku tatu, akatia viwili tena, maana mikono ilikuwa imezoea, akavitazama kwa muda mrefu.

Kesho yake kanisani hakusikia hata wimbo. Alishinda akilitazama jua kupitia mlangoni, hata Manasseh akamnong'oneza, "Onchiri, unaiharakisha Sabato ya Bwana?" Alasiri mvua ikaja, ile ya Nyamira isiyo na haraka ya kwisha. Ilipofika machweo, Abner alikuwa amesimama uani kwa Walter bila kitu kichwani, maji yakimtiririka mgongoni.

Persis, mke wa Walter, alimwona kwanza. "Tata, ingia! Unanyeshewa!"

"Hapa panatosha, mama."

Persis aliingia ndani mbio. Walter akatokea mlangoni, buti bado zina matope ya safari. "Tata, kuna nini? Panya?"

"Ni panya."

"Ingia basi ukae."

"Siingii kwako, na wewe unajua siingii. Kaa hapo hapo mlangoni. Mimi nitasema na migomba."

Akageuza uso, akaitazama migomba. Mokeira akatoka na mwavuli, akausimamisha juu ya kichwa cha Abner kwa heshima zote. Abner akaanza kusema. Alisema kuhusu Ijumaa na vifuniko viwili, kuhusu mana, kuhusu ile Sabato ya kondoo. Alipofika hapo kuku mmoja alipita akikimbilia banda, na Mokeira akamfuata, mwavuli mkononi, akamwacha Abner mvuani. Abner hakunyamaza. Alijua akinyamaza hatasema tena. Akaeleza habari za rafu ya kushoto na rafu ya kulia.

Walter aliegemea mwimo wa mlango.

"Kushoto wangapi?" Walter aliuliza mwishowe.

"Kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walishindwa kufika nane."

"Na kulia?"

"Hakuna aliyeshindwa."

"Ulihesabu kwa kitu gani?"

"Mahindi."

Walter alishuka ngazi, akapita karibu naye bila kumgusa, akaenda kwenye jengo. Abner alisikia mlango ukifunguliwa, na ile sauti ya kukwangua ikatoka nje kama mtu aliyeachia redio. Walter alikaa huko muda. Aliporudi alisimama naye mvuani, yeye pia akitazama migomba.

"Nilimwaga chupa tisa."

"Ulizimwaga."

"Nikaandika Ulaya kwamba dawa iliharibiwa na jua. Kwa nini hukuniambia, Tata?"

"Uliniuliza Jumamosi, nikasema nitapanga. Nikapanga." Abner alilitazama jani la mgomba. "Nimefukuzwa kazi tatu kwa sababu ya neno hilo. Sikutaka ulitamke wewe."

Walter alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha mtu mwenye furaha. "Miezi minane mimi nadunga sindano, na jaribio la kweli limefanywa na wewe, kwa punje za mahindi." Akajifuta uso. "Jumatatu nitawaambia. Tutaanza upya. Lakini nisikilize. Chakula lazima kiwe sawa siku zote saba, na mkono uwe mmoja. Panya wanaujua mkono wako. Nikiwalisha mimi Jumamosi nitakuwa nimeleta kosa jingine. Ni wewe siku saba, au nitafute mtu wa siku saba. Sikufukuzi. Nakueleza kazi ilivyo."

Mlango ni ule ule, basi. Abner aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Jumapili nzima alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa vidole alihesabu saa. Akilisha saa nne asubuhi, Jumamosi saa nne ni Sabato. Akilisha saa kumi, Sabato. Akilisha saa mbili usiku, Ijumaa saa mbili Sabato imekwisha ingia. Kila saa aliyoishika ilikuwa na siku moja iliyoangukia pabaya. Jioni aliketi juu ya mwamba ulio nyuma ya chai yake, akaliangalia jua likiingia nyuma ya kilima. Hapo akasimama ghafla, kama mtu aliyekalia siafu, akateremka mbio mpaka kwa Manasseh, aliyekuwa akila.

"Mzee Manasseh. Dakika ya kwanza baada ya jua kuzama Jumamosi ni ya nani?"

"Karibu ugali kwanza."

"Ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na dakika ya mwisho kabla halijazama Ijumaa?"

Manasseh aliweka tonge chini. "Hiyo pia ni yako, Onchiri. Lakini ukimbie."

Kufika kwa Walter, Abner alisimama pale pale penye migomba. "Walishwe jua linapozama," alisema, akihema. "Kila siku. Ijumaa nitatangulia dakika kumi, Jumamosi nitachelewa dakika kumi. Kati ya Ijumaa na Jumamosi itazidi dakika ishirini. Je, panya watajua?"

Walter alifikiri. Mara hii alicheka vizuri. "Dakika ishirini, Tata? Hawana saa."

Wageni walikuja, wakasikiliza. Hawakumsifu Walter, wala hawakumpa ruhusa ya Mokeira. Walimwachia dawa ya miezi minne, arudie. Na miezi hiyo minne ilipokwisha, hesabu zilikuwa sita Jumatano na sita na kitu kidogo Jumapili, kitu kidogo ambacho Walter aliandika hajui ni cha dawa au cha bahati. Mwaka uliofuata jengo lilirudishiwa pareto. Walter alipata kazi ya kufundisha, Abner akabaki na chai yake. Mokeira hakudungwa.

Lakini Jumamosi ya kwanza ya mpango ule mpya, hayo yote yalikuwa bado. Abner alisimama mlangoni pa jengo mapema mno, kifuniko cha soda mkononi, sufuria ya chakula miguuni. Alikuwa ameijaza tangu jana. Mvua ilikuwa imeacha, lakini mawingu yalikuwa yamefunika kilima chote, na jua halikuonekana hata ukingo. Lingeweza kuwa limezama. Lingeweza kuwa bado. Ndani, panya walianza kutafuna waya. Hawakuwa na njaa nyingi sasa, ila walikuwa wamemsikia.

Alisogea hatua moja, akarudi. Akatazama magharibi, kijivu. Akatazama mashariki, kijivu. Mkono uliokuwa na kifuniko ulitaka kukimbia kama siku za Ijumaa. Kosa la dakika moja upande huu lilikuwa la Mungu, na upande ule lilikuwa la Walter, naye alikuwa amechoka kukosea pande zote mbili.

Ng'ambo ya ua Mokeira alikuwa akizunguka banda la kuku, akinyoosha kidole, midomo ikienda. Alikuwa akiwaita kwa majina. Jogoo mmoja mwekundu alibaki chini, akitembea kwa kiburi, na msichana yule asiyeweza kungoja maziwa yachemke alisimama kumngoja, bila kupepesa jicho, muda ambao Abner aliuona mrefu kuliko ibada. Mwishowe jogoo akakunjua mbawa, akapanda.

"Wote wamelala!" Mokeira alipiga kelele, kwa furaha, kama afanyavyo kila siku, akimwambia mtu yeyote na asimwambie mtu.

Abner alihesabu dakika kumi zaidi, polepole, kwa vidole, na alipomaliza akahesabu nyingine mbili. Kisha akaokota sufuria, akaingia, akaanza na rafu ya kushoto. Kifuniko kimoja. Kifuniko kimoja. Kifuniko kimoja.